Sura ya Saba: Kadi Imepotea, Ukazi Upo

Kadi ya kijani ikipotea, nyumba nzima hupekuliwa. Magodoro huinuliwa, makoti ya baridi ya mwaka juzi hukung'utwa mifuko, mazulia ya gari hutolewa nje, watoto huulizwa mmoja mmoja. Ikikosekana kabisa, kimya huingia. Mtu aliyepanga kuomba uraia mwaka huu huahirisha. Hujiambia kwamba hana tena kitu cha kuonyesha, kwamba akikiri kadi imepotea atafungua mlango wa maswali, na kwamba ni heri atulie mpaka upepo upite. Wapo waliotulia hivyo kwa miaka.

Sura hii ni kwa ajili ya mtu huyo, na kwa ndugu zake wanaotaka kumsaidia lakini hawajui waanzie wapi. Hoja yake ni moja: ukazi wako wa kudumu nchini Marekani haukai ndani ya kadi. Unakaa kwenye faili la serikali. Kadi ni ushahidi wa ukazi huo, na ushahidi ukipotea unaombwa mwingine huku safari ya uraia ikiendelea. Anayekaa kimya kwa woga ndiye anayepoteza kitu cha kweli.

Woga wenye historia

Woga wa kupoteza karatasi haukuzaliwa Marekani. Wengi wetu tumekuja nao. Katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, kadi ya mgao ndiyo iliyoamua nani atapewa unga, maharage na mafuta. Kutoka nje ya kambi kulihitaji kibali cha maandishi, na aliyekamatwa bila kibali alijua kinachomngoja. Nchini Kenya, enzi za ukoloni, wanaume Waafrika walilazimishwa kutembea na kipande, na kukutwa bila kipande lilikuwa kosa la jinai. Wazee walisimulia, wajukuu wakasikia.

Mtu aliyelelewa katika mazingira hayo amejifunza jambo moja kwa uchungu: bila karatasi wewe si mtu. Ndiyo maana kadi ya kijani ikipotea, mama wa miaka 50 anayefanya kazi kiwandani na kulipa kodi kila mwaka anaweza kujiona amerudishwa kwenye foleni ya kambi. Hofu yake ina sababu, na hakuna wa kumcheka. Lakini sheria anayoishi chini yake sasa inafanya kazi kwa namna nyingine, na kuijua sheria hiyo ni nusu ya dawa.

Haki iko kwenye faili

Tangu siku ulipopewa ukazi wa kudumu, Idara ya Uraia na Uhamiaji ya Marekani, ambayo watu huijua kwa herufi zake USCIS, ina faili lenye jina lako. Faili hilo lina namba inayoanza na herufi A, na wengi huiita namba ya A. Humo mna alama zako za vidole, picha zako, fomu ulizojaza, na tarehe uliyopata ukazi. Kadi yako ilitokana na faili hilo. Faili halikutokana na kadi.

Ukazi wa kudumu huisha kwa njia chache zinazojulikana. Jaji wa uhamiaji anaweza kutoa amri ya mwisho kwamba uondolewe nchini. Mwenyewe unaweza kuusalimisha kwa kusaini Fomu I-407. Au unaweza kuhamia nje ya Marekani na kukaa huko mpaka serikali ione umeyatelekeza makazi yako. Kuangusha pochi ndani ya basi hakumo katika orodha hiyo. Kadi ya miaka 10 kupitwa na tarehe yake pia hakumo. Anayepoteza cheti cha kidato cha nne hafeli mtihani upya: matokeo yake yako Baraza la Mitihani, naye anatafuta karatasi nyingine ya kuyathibitisha. Hali yako ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kutafuta ni namba ya A. Kama ulipiga nakala ya kadi au kuipiga picha kwa simu, unayo. Kama hukufanya hivyo, tazama kwenye viza ya uhamiaji iliyobandikwa katika pasipoti uliyoingilia, kwenye barua zozote za USCIS zilizowahi kufika nyumbani, au kwenye kadi ya kibali cha kazi uliyopewa ulipofika kama mkimbizi. Ofisi ya shirika lililokupokea huenda bado ina nakala za karatasi zako za mwanzo.

Kubeba kadi ni wajibu

Baada ya kusema hayo yote, kuna upande wa pili ambao mtu mwaminifu hawezi kuuficha. Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya mwaka 1952 inamtaka kila mgeni aliyesajiliwa, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, awe na ushahidi wa usajili wake wakati wote. Kukutwa bila ushahidi huo ni kosa dogo la jinai, lenye faini au kifungo kisichozidi siku 30. Usajili wenyewe ulianza na sheria ya mwaka 1940, wakati vita vya pili vya dunia vilipoifanya serikali itake kujua kila mgeni yuko wapi. Kwa miaka mingi watu wengi waliacha kadi kabatini bila kusumbuliwa. Tangu mwaka 2025 serikali imetangaza wazi kwamba wajibu huo utafuatiliwa, na familia zimeona jinsi ukaguzi wa barabarani na kazini ulivyoongezeka.

Hapa ndipo taarifa moja nzuri inapoeleweka vibaya. Tarehe 12 Desemba 2022 USCIS ilianza utaratibu mpya: mkazi wa kudumu akituma ombi la uraia, yaani Fomu N-400, barua ya kupokelewa kwa ombi hilo huirefusha kadi yake kwa miezi 24 tangu tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kadi. Utaratibu huo uliwaokoa watu wengi gharama ya kuomba kadi mpya miezi michache tu kabla ya kuwa raia. Habari ikaenea makanisani, misikitini na kwenye makundi ya WhatsApp kwamba mwombaji wa uraia hahitaji tena kadi.

Habari hiyo ni ya kweli kwa mwenye kadi mkononi. Barua ile hurefusha maisha ya kadi na husomwa pamoja nayo. Aliyepoteza kadi hana cha kurefusha, na USCIS ilieleza hivyo katika tangazo lile lile: aliyepoteza kadi kwa kawaida anatakiwa bado kuomba nyingine kwa Fomu I-90, hata kama ameshaomba uraia. Shika tofauti hii. Kadi iliyopitwa na wakati na kadi iliyopotea ni matatizo mawili, na kila moja lina njia yake.

Hatua za mwanzo

Aliyekulia Dar es Salaam au Nairobi anajua kwamba kitambulisho kikipotea, mlango wa kwanza ni kituo cha polisi. Fanya vivyo hivyo. Kama kadi iliibwa, taarifa ya polisi ni muhimu sana. Kama iliangushwa, taarifa hiyo bado itakusaidia, kwa sababu inaweka tarehe na inaonyesha kwamba ulijaribu kuitafuta. Utaona baadaye kwa nini jambo hilo dogo lina uzito siku ya kiapo. Uliza pia pale ulipopita, kama kampuni ya basi, duka au hospitali, na uandike uliuliza lini na ukajibiwa nini.

Kisha jaza Fomu I-90 na uchague sababu ya kadi kupotea, kuibwa au kuharibika. Inaweza kujazwa mtandaoni au kwa karatasi. Kwa viwango vilivyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2024, ada yake ni dola 415 mtandaoni na dola 465 kwa karatasi. Mwenye kipato kidogo, au anayepokea msaada wa serikali unaotolewa kwa kuangalia kipato, anaweza kuomba msamaha wa ada kwa Fomu I-912. Viwango hubadilika, hivyo tazama tovuti ya USCIS siku unayotuma. Fomu zenyewe ni za bure. Anayekuuzia fomu tupu anakuibia.

Wakati kadi mpya ikisubiriwa, omba muhuri wa muda. Huu ni muhuri wa serikali unaogongwa kwenye pasipoti, au kwenye karatasi ya Fomu I-94 yenye picha yako, kuthibitisha kwamba wewe ni mkazi wa kudumu. Piga simu kituo cha huduma cha USCIS, eleza kwamba kadi imepotea na huna ushahidi mwingine, uombe wakuelekeze. Siku hizi watu wengine hutumiwa karatasi hiyo kwa posta bila kwenda ofisini. Huo ndio ushahidi utakaoubeba mfukoni.

Mambo mawili husahaulika sana. La kwanza ni anwani. Sheria inamtaka asiye raia atoe taarifa ndani ya siku 10 kila anapohama nyumba. Kadi nyingi zinazodhaniwa zimepotea zilifika kwenye nyumba ya zamani, na kadi mpya itafuata njia hiyo hiyo kama hukubadilisha anwani. La pili ni kazi. Mwajiri hana ruhusa ya kuchagua hati gani umwonyeshe unapoajiriwa. Leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo, pamoja na kadi ya Social Security isiyo na masharti, vinatosha kisheria. Na aliyetegemea kadi iliyopotea anaweza kuonyesha stakabadhi ya ombi la kadi mpya, ambayo mwajiri huipokea kwa siku 90. Usikubali kuachishwa kazi ukiwa umeinamisha kichwa.

Kama kadi imepotea ukiwa nje, mathalani umekwenda kuzika Bukavu au kumwona mama Mombasa, shirika la ndege linaweza kukataa kukupandisha. Nenda ubalozi wa Marekani ulio karibu ukiwa na Fomu I-131A. Ubalozi ukiridhika hukupa hati ya kukuwezesha kupanda ndege na kurudi. Fanya haraka. Njia hiyo kwa kawaida ni ya mtu aliyekaa nje chini ya mwaka mmoja, na kila mwezi unaopita unagusa pia hesabu ya uraia wako, kama tutakavyoona sasa.

Kuomba uraia bila kadi mkononi

Swali linaloulizwa kuliko yote ni hili: je, ningoje kadi mpya ndipo niombe uraia? Jibu ni hapana, kama masharti mengine yametimia. USCIS kwa kawaida huwataka waombaji waambatishe nakala ya pande zote mbili za kadi kwenye Fomu N-400. Kwa aliyeipoteza, orodha yake ya viambatisho imekuwa ikielekeza aweke nakala ya stakabadhi ya Fomu I-90 badala yake. Kwa hiyo mpangilio ni mwepesi: tuma I-90, pokea stakabadhi, kisha tuma N-400 pamoja na nakala ya stakabadhi hiyo. Maombi mawili yanakwenda pamoja, na moja haliui lingine.

Gharama ndiyo huuma. Ada ya N-400 tangu Aprili 2024 ni dola 710 mtandaoni au dola 760 kwa karatasi. Ukijumlisha na ya kadi kwa njia ya mtandao unafika dola 1,125, ambazo kwa familia ya mshahara mmoja ni kodi ya nyumba ya mwezi. Lakini familia ambayo kipato chake hakizidi mara nne ya kiwango cha umaskini cha serikali inaweza kuomba ada iliyopunguzwa ya dola 380, na wenye kipato cha chini zaidi wanaweza kusamehewa yote. Familia nyingi za wakimbizi ziko ndani ya mipaka hiyo na zinalipa bei kamili kwa kutokujua.

Masharti ya msingi unayafahamu, ila yafaa kuyapitia. Uwe na miaka 18 au zaidi. Uwe mkazi wa kudumu kwa miaka 5, au miaka 3 kama umeolewa au umeoa raia na mnaishi pamoja. Uwe umekuwepo nchini kwa mwili angalau miezi 30 kati ya miaka hiyo 5. Ombi linaweza kutumwa siku 90 kabla ya miaka hiyo kutimia. Safari moja ya nje inayozidi miezi 6 huzua shaka kwamba ukazi wako umekatika, na wewe ndiye utakayetakiwa kuiondoa. Safari ya mwaka mmoja au zaidi huukata.

Kwa mkimbizi kuna zawadi ndani ya sheria ambayo wengi hawaijui. Mkimbizi huomba kadi ya kijani baada ya mwaka mmoja nchini, lakini ukazi wake huhesabiwa tangu siku aliyoingia Marekani. Tarehe hiyo ndiyo huandikwa kwenye kadi. Aliyetua mwezi Mei 2020 hutimiza miaka yake 5 Mei 2025, hata kama kadi ilifika mwaka 2022. Kadi ikipotea, watu hupoteza pia kumbukumbu ya tarehe hiyo na kuanza kuhesabu tangu siku kadi ilipofika kwa posta. Rudi kwenye I-94 yako, yaani rekodi ya siku ya kuingia nchini, usome tarehe.

Mwenye kadi ya miaka 2 tu, aliyoipata kwa ndoa changa, ana kazi ya ziada. Kubadilisha kadi iliyopotea hakumwondolei wajibu wa kutuma Fomu I-751 ndani ya siku 90 kabla ya miaka 2 kwisha. Huyu asingoje hata siku moja kumwona wakili.

Soma faili lako kabla ya afisa kulisoma

Kupotea kwa kadi kunaweza kuwa nafasi ya kutazama jambo ambalo lingekuja baadaye kwa ukali. Wakimbizi wengi waliandikishwa haraka, na mkalimani asiyejua kijiji chao wala matamshi ya majina yao. Ndiyo maana watu wengi walizaliwa tarehe 1 Januari. Mume na mkewe wana tarehe moja, kaka na dada wamepishana miezi minne, jina la baba limeandikwa kama la ukoo kwa mtoto mmoja na halipo kwa mwingine. Makosa haya yako kwenye faili, na kadi mpya itayarudia.

Kuhusu tarehe ya kuzaliwa, elewa hili: ukishaapa, na cheti cha uraia kikatoka na tarehe uliyoitaja mwenyewe kwenye ombi, USCIS haitaibadilisha baadaye. Wakati wa kusema ni kabla, ukiwa na ushahidi kama cheti cha kuzaliwa au rekodi za ubatizo na shule. Jina lina mlango mpana zaidi. Fomu N-400 inakuuliza kama unataka kulibadilisha, na kiapo kikifanyika mbele ya jaji linaweza kubadilishwa hapo hapo.

Kuna jambo zito kuliko hayo, na linazungumzwa kwa sauti ya chini. Katika baadhi ya kesi za kambini, mtoto wa marehemu dada aliandikwa kama mtoto wa kuzaa kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kutomwacha. Katika nyingine, mtoto aliyebaki upande wa pili wa mpaka hakutajwa kabisa. Fomu ya uraia inauliza watoto wote, na afisa atalinganisha. Mwenye historia kama hiyo asitume chochote kabla ya kukaa na wakili. Hali kadhalika aliyewahi kukamatwa, hata kama kesi ilifutwa. Aliyewahi kupiga kura au kujiandikisha kama mpiga kura akiwa si raia. Mwenye kodi asizolipa. Na mwanamume aliyeishi Marekani kati ya miaka 18 na 26 bila kujiandikisha kwa utumishi wa kijeshi. Mengi ya hayo yana jibu. Yakikutwa na afisa kabla hujayasema, jibu huwa gumu.

Unaweza kuomba nakala ya faili lako lote chini ya sheria ya uhuru wa habari. Ombi hutumwa mtandaoni, na mara nyingi halina gharama. Na kama pasipoti yako ni ya Burundi, Somalia au nchi nyingine iliyowekewa vikwazo vya kuingia Marekani, fahamu kwamba mwezi Desemba 2025 serikali iliagiza maombi ya raia wa nchi kama hizo yasimamishwe kwanza na kukaguliwa upya. Orodha ya nchi hubadilika. Uliza hali ilivyo kabla ya kulipa ada.

Umwulize nani? Sheria inaruhusu watu wa aina mbili tu kukushauri: wakili mwenye leseni, na mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, ambao wengi wako kwenye mashirika yasiyo ya faida yanayohudumia wahamiaji. Yule kaka anayejua Kiingereza na anajaza fomu kwa dola 200 jikoni kwake anaweza kuwa na moyo mzuri. Akikosea, jina lililo kwenye fomu ni lako.

Mbele ya afisa

Siku ya mahojiano beba kitambulisho cha jimbo, pasipoti zako zote, mpya na zilizokwisha muda, muhuri wa muda au kadi mpya kama imefika, stakabadhi ya I-90 na taarifa ya polisi. Afisa atakuapisha kwanza. Akikuuliza kadi iko wapi, sema ukweli kwa maneno machache: "Kadi yangu ilipotea mwezi Machi. Nilitoa taarifa polisi na nikaomba kadi nyingine. Hii hapa taarifa, na hii ni stakabadhi." Basi. Usitunge hadithi ya wizi kwa kudhani inasikika vizuri kuliko kusahau. Kupoteza kadi hakuchafui tabia yako machoni pa sheria. Uongo chini ya kiapo unaichafua, hata ukiwa wa jambo dogo.

Mtihani wa historia na uraia umebadilika. Waliotuma ombi tangu tarehe 20 Oktoba 2025 wanasoma maswali 128, wanaulizwa mpaka 20, na wanatakiwa kupata 12. Waliotuma kabla ya hapo wanabaki na maswali 100, ambapo huulizwa mpaka 10 na kutakiwa kupata 6. Aliye na miaka 50 na ukazi wa miaka 20, au miaka 55 na ukazi wa miaka 15, anasamehewa Kiingereza na anaweza kuhojiwa kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Mwenye miaka 65 na ukazi wa miaka 20 hupewa pia orodha fupi ya maswali. Mgonjwa ambaye maradhi yanamzuia kujifunza anaweza kujaziwa Fomu N-648 na daktari wake. Wazee wetu wengi wamo katika makundi haya, na wamekaa nyumbani wakiamini hawawezi.

Siku ya kiapo

Anayekwenda kuapa anatakiwa kurudisha kadi yake ya kijani, kwa sababu siku hiyo anaacha kuwa mkazi na anakuwa raia. Hapa ndipo taarifa ya polisi inapolipa. USCIS humwondolea sharti hilo mtu aliyethibitisha kwenye mahojiano kwamba kadi ilipotea na kwamba alijaribu kuipata. Kama umeshapokea kadi mpya, rudisha hiyo. Kama ya zamani imeonekana nyuma ya kabati, rudisha zote mbili, na usiitumie ile ya zamani kwa lolote.

Kabla ya kuinua mkono, jua unaacha nini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kubaki Mkenya. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima, na katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Kwa Mtanzania mwenye shamba Moshi au Mkongo mwenye nyumba Uvira, huo ni uamuzi wa familia, na yafaa ukae mezani kabla ya fomu kutumwa.

Jua pia unapata nini, kwa sababu hapo ndipo gharama ya kuahirisha inapoonekana. Mzee au mlemavu aliyeingia kama mkimbizi hupata msaada wa fedha wa SSI kwa miaka 7 tu, isipokuwa awe amekuwa raia au awe na historia ndefu ya kazi. Mzee aliyeficha habari ya kadi iliyopotea kwa miaka 3 anaweza kuufikia mwaka wa nane bila kipato. Kwa mzazi, faida ni kubwa zaidi. Chini ya sheria iliyoanza kutumika mwaka 2001, mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye ukazi wa kudumu, anayeishi na mzazi aliye na haki ya kumlea, huwa raia papo hapo mzazi anapokuwa raia. Hafanyi mtihani, haapi. Lakini akitimiza miaka 18 wiki moja kabla ya kiapo cha mama yake, mlango huo umefungwa, naye ataanza njia yake mwenyewe kuanzia mwanzo.

Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka msomaji aibebe. Kadi iliyopotea ina bei: ada ya dola 415, saa chache polisi, simu ndefu ya kusubiri, foleni ya alama za vidole. Bei hiyo inalipika, na kuna wanaosamehewa. Ukimya nao una bei, na hulipwa na mtoto aliyefikisha miaka 18, na mzee aliyekatiwa SSI, na baba anayetembea kila siku bila ushahidi wowote mfukoni wakati haki yake imeandikwa na kuhifadhiwa. Tafuta namba yako ya A wiki hii. Tuma I-90. Stakabadhi ikifika, na kama miaka yako imetimia na faili lako umelisoma, tuma N-400 bila kungoja kadi. Usipojitokeza wewe mwenyewe kuidai haki hiyo, hakuna wa kuidai kwa niaba yako.